UZI: Umeshikwa na trafiki Nakuru, Kisumu au Kakamega? Angalia kwanza karatasi uliyopewa ni ya nani

Karani_wa_Masijala

Wadau, kila mara humu ndani mtu anauliza "nimeandikiwa, nilipe wapi?" bila kusema ameandikiwa na nani. Swali hilo halina jibu. Polisi wa trafiki, kaunti na mzani wa barabara kuu ni watu watatu tofauti. Pesa zao haziendi sehemu moja, na ukikosea mmoja hasamehi kwa sababu ulimlipa mwingine.

Karatasi ya kwanza ni notisi ya kosa la trafiki. Inatokana na Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, zile watu wanaziita faini za papo hapo. Jina hilo limewaponza wengi, kwa sababu "papo hapo" haimaanishi unamhesabia afisa noti pale kando ya barabara. Inamaanisha kiwango cha faini kinajulikana tayari na kimeandikwa kwenye jedwali, hakimu hahitaji kukikadiria. Unapewa notisi yenye jina lako, namba ya gari, kosa, korti na tarehe. Ukikubali kosa, unalipa kiwango hicho kabla ya tarehe hiyo. Usipokubali, unafika kortini siku hiyo useme hukufanya. Kulipa ni kukiri, kwa hiyo usilipe leo kisha kesho uanze kutafuta wakili.

Ya pili ni risiti ya dhamana ya pesa taslimu. Hapa ndipo kuna mkanganyiko mkubwa zaidi. Dhamana SI FAINI. Ni pesa unazoweka rehani ili uachiliwe ukaendelee na shughuli zako hadi siku ya korti. Ukishaiweka bado una kesi. Mtu analipa 5,000 kituoni, anaambiwa "uende Jumatatu kortini", anaona mambo yameisha, haendi. Kinachofuata ni kibali cha kukamatwa na pesa kuchukuliwa na serikali.

Hizo nyingine, za kaunti na za mzani, waachie wenye nazo waeleze.

Dereva_wa_Salgaa

Ongeza viwango bwana karani, hapo ndipo watu wanapigwa. Mtu anaambiwa kosa lake ni la elfu kumi kumbe ni la mia tano.

Karani_wa_Masijala

Haya. Nitataja yale yanayokuja sana masijala, sio jedwali lote.

Mwendo kwanza, kwa sababu ngazi zake zimepangwa ajabu kidogo. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa, ni onyo. 6 hadi 10, shilingi 500. 11 hadi 15, shilingi 3,000. 16 hadi 20, shilingi 10,000. Zaidi ya 20 hakuna kiwango maalum, hilo ni la hakimu. Sasa fanya hesabu ya kituo cha biashara ambapo kikomo ni 50. Ukipita Ahero kwa 58, umezidisha 8, ni 500. Kwa 63 umezidisha 13, ni 3,000. Kwa 69 ni 10,000. Kwa 71 unasimama kizimbani. Kati ya mia tano na kizimba kuna kilomita 13 tu, na gari dogo linazipata kwenye mteremko bila wewe kukanyaga mafuta.

Kutovaa mkanda ni 500, na anayeulizwa ni yule ambaye hakuvaa. Gari kukosa mkanda ni jambo lingine: 1,000 kwa kila kiti, na hiyo ni ya mwenye gari. Kwa hiyo matatu ya abiria 14 yenye viti vitatu visivyo na mikanda ni 3,000 juu ya mwenyewe, hata kama dereva ni mgeni wa asubuhi hiyo. Simu ukiendesha, 2,000. Kutokuwa na leseni mfukoni ukiulizwa, 1,000. Leseni iliyoisha muda, 1,000. Kukosa pembetatu za kuakisi, 3,000. Kutotii alama ya barabarani, 3,000. Kupitisha gari kwenye njia ya waendao kwa miguu, 5,000. Kukataa kusimama ukisimamishwa na polisi, 5,000. Kuziba barabara, 10,000. Gari linalotakiwa kukaguliwa kukutwa bila cheti cha ukaguzi, 10,000. Namba ya gari kukosekana au kutofungwa inavyotakiwa, 10,000.

Hiyo ya namba iangalieni sana mvua zikianza. Skrubu ikilegea na bamba la mbele likadondoka kwenye shimo, afisa hatakuuliza lilidondoka lini.

BodaKibuye

Na sisi wa boda?

Karani_wa_Masijala

Mwendeshaji bila helmeti na rifleta (jaketi ya kuakisi), 1,000. Abiria bila hizo, 1,000 na ni yake abiria. Kubeba zaidi ya mmoja, 1,000. Ukibeba wawili na wewe mwenyewe kichwa wazi, hayo ni makosa mawili, 2,000, na abiria wanahesabiwa zao kando.

Lakini msishikilie hizo elfu moja moja. Boda wengi hawaumizwi na helmeti, wanaumizwa na leseni na bima. Kuendesha bila kuwahi kupata leseni kabisa hakumo kwenye jedwali la makosa madogo. Kukosa bima ya mtu wa tatu pia hakumo. Hiyo iko chini ya sheria yake yenyewe, Sura ya 405. Yote mawili yanakwenda moja kwa moja kwa hakimu na pikipiki inaweza kubaki kituoni.

Wakili_wa_Ziwani

Nikazie hapo alipomalizia karani. Afisa akikutajia kosa, jiulize moja tu: limo kwenye jedwali la 2016 au halimo? Kama limo, kuna bei inayojulikana. Kama halimo, hakuna mtu barabarani mwenye mamlaka ya kukupangia bei. Kuendesha ukiwa umelewa halimo: kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinafika faini ya 100,000 au miaka miwili jela au vyote. Kuendesha kwa hatari halimo. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, kifungu cha 46, ni hadi miaka kumi. Hayo usiyashughulikie kwa ushauri wa uzi, tafuta wakili kabla ya kujibu shtaka.

Na kuhusu dhamana. Katiba, kifungu cha 49, inasema ukikamatwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi. Inasema pia kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halikuweki rumande. Kwa hiyo mtu wa kosa la mkanda hafai kulala kituo cha polisi cha Kondele wala Central. Mwombe OCS, yaani mkuu wa kituo, dhamana, kwa sauti ya heshima, na uombe tukio liandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio. Dhamana inawekwa kituoni kwa mkuu wa kituo au anayeshikilia zamu, na unapewa risiti ya serikali. Haiwekwi kwenye dirisha la gari.

dada_Section58

Wakili, ahsante. Risiti ikishapatikana mtu aangalie nini? Maana wengi wanaikunja tu na kuitia mfukoni.

Wakili_wa_Ziwani

Dada, isome ukiwa bado kaunta, kabla hujatoka nje ya lango.

Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, yote matatu kama ni matatu. Herufi moja ikikosewa, siku ya kurudishiwa pesa utaambiwa mwenye risiti si wewe, na kurekebisha kunakurudisha kituoni kumtafuta afisa ambaye labda ameshahamishwa. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno na vyote vilingane na ulichotoa. Kama ulitoa 10,000 na risiti inasema 5,000, hapo hapo ndipo pa kusema. Tarehe ya kufika kortini, na ni korti ipi. Hili la korti linawakosesha wengi hapa kwetu: Kisumu kuna mahakama ya Kisumu mjini na kuna Winam, nje kidogo kuna Maseno, Nyando na Tamu. Aliyeshikwa Ahero anaweza kuhitajika Nyando huku yeye amekaa mjini anasubiri jina lisomwe. Kakamega hivyo hivyo, kuna Butere na Mumias. Bungoma kuna Webuye, Kimilili na Sirisia. Upande wa Nakuru kuna Molo na Naivasha.

Piga picha ya risiti, lakini tunza ile halisi. Picha itakusaidia ikipotea, ila kurudishiwa pesa wanataka karatasi yenyewe.

Mwenye_Probox_Luanda

Kesi ikiisha hizo pesa zinarudi lini? Wengine tunaona zikienda hazirudi.

Karani_wa_Masijala

Zinarudi kama ulifika kila siku uliyoitwa, uwe umeshinda au umeshindwa. Kesi ikifungwa unaomba kurudishiwa ukiwa na risiti halisi, nakala ya kitambulisho na akaunti ya benki yenye jina lilelile. Zinachelewa pale jina la akaunti linapotofautiana na la risiti, mfano mke ndiye aliyetoa pesa lakini risiti ikaandikwa jina la mume. Ukitozwa faini unaweza kumwomba hakimu dhamana igeuzwe kuwa faini: kama uliweka 10,000 na umetozwa 6,000, zinakatwa na salio unaliomba. Liombe ukiwa bado umesimama mbele yake. Ukishatoka nje inakuwa safari nyingine.

Na wewe wa Probox, kama gari ni la binafsi na unabeba abiria wa nauli Luanda hadi Majengo, tatizo lako halitaishia kwenye notisi. Bima ya gari la binafsi haigusi abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inajiondoa na wewe unabaki na kesi ya jinai na ya madai juu yake.

Mwenye_Probox_Luanda

Nimesikia, karani. Umenijibu hata nisilouliza 😅

Dereva_wa_Salgaa

Kuhusu mwendo niulize. Afisa akisema "ulikuwa mbio" na hana mashine, ni halali?

Wakili_wa_Ziwani

Anaweza kukusimamisha na anaweza kukushtaki. Lakini Sheria ya Trafiki inasema mtu hatiwi hatiani kwa mwendo kwa sababu tu shahidi mmoja ana maoni kwamba alikuwa anakwenda mbio. Kwa hiyo omba kuona kifaa na namba iliyosomwa, na uandike saa na mahali. Andika mahali hasa, "mbele ya stegi ya Chavakali upande wa kushuka", sio "barabara ya Kakamega". Sababu ni kwamba kikomo kinabadilika: 50 ndani ya mji au kituo cha biashara, na matatu na magari ya mizigo hayafai kuvuka 80 popote pale. Hakimu akiuliza ulikuwa wapi na hujui, utetezi wako umeishia hapo.

Kama unabisha, ukifika kizimbani sema "si kweli" na unyamaze. Usianze kueleza. Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kusema "ni kweli mheshimiwa, lakini sikuwa nakwenda mbio". Hapo hujakubali wala hujakataa. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa 1973, hakimu anatakiwa akusomee shtaka kwa lugha unayoielewa, kisha asikie maelezo ya kosa kutoka kwa upande wa mashtaka, na ukiyapinga maelezo hayo aandike kwamba umekataa. Lakini asubuhi yenye watu hamsini kwenye foleni, usimwachie kazi ya kukisia ulimaanisha nini. Kama ni Kidholuo au Kibukusu unachokielewa vizuri zaidi, omba mkalimani, hulipi.

Ukikataa, unapewa tarehe ya kusikizwa na una haki ya kupata taarifa za mashahidi mapema. Ukikubali, huwezi baadaye kukata rufaa kusema hukufanya. Rufaa yako itakuwa juu ya adhabu tu, na una siku 14 kuiwasilisha Mahakama Kuu.

Karani_wa_Masijala

Niongeze la siku yenyewe, maana watu wanajua sheria wanakwama kwenye mambo madogo.

Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Orodha ya kesi hubandikwa ukutani. Tafuta jina lako na namba ya chumba. Usipoliona usiende nyumbani ukisherehekea, ingia masijala uulize, kwa sababu faili huchelewa kutoka kituoni na jina lako linasomwa saa tano ukiwa umeshapanda matatu.

Njoo na mtu. Hili nalisisitiza. Ukitozwa faini unashushwa mahabusu ya korti hadi ilipwe, na simu hubaki mikononi mwa askari. Faini inalipwa kwa namba ya malipo unayopewa, kwa M-Pesa au benki, haipokelewi mkononi. Sasa wewe uko chini na M-Pesa yako iko juu. Anayekungoja nje ndiye atachukua namba ya malipo, alipe, alete uthibitisho masijala, ndipo hati ya kukuachilia iandikwe. Jioni ikifika bila malipo unapandishwa gari la magereza kwenda kutumikia kile kifungo mbadala, hata kama pesa unazo kwenye simu.

Ukiulizwa una la kusema kabla ya adhabu, lete kitu kinachoonekana. Kama shtaka lilikuwa mikanda, onyesha risiti ya mikanda mipya. Kama ni ukaguzi, onyesha cheti cha jana. Kosa la kwanza, sema ni la kwanza. Hadithi ya watoto watano wa shule hakimu ameshaisikia mara kumi tangu saa tatu.

MzaniTu

Mmeniachia mzani, nije sasa.

Gilgil na Webuye ndizo zinazowagusa wa huku. Gari la tani 3.5 kwenda juu linapitia mzani, likiwa na mzigo au halina ni sawa tu. Vipimo ni vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, sheria ya udhibiti wa uzani ya 2016: ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja yenye magurudumu manne tani 10, pacha (ekseli mbili pamoja) tani 18, tatu pamoja tani 24, na gari zima lisivuke 56. Kwa hiyo lori la ekseli tatu, 8 na 18, ni tani 26 jumla.

Wenye mizigo wanafikiria jumla tu, hapo ndipo wanapokwama. Lori linaweza kuwa na tani 25 jumla, salama kabisa, lakini mahindi yamepangwa nyuma na ekseli pacha inasoma 19.5. Kuna uvumilivu wa asilimia 5 kwenye ekseli, yaani pacha inaruhusiwa hadi 18.9, kwenye uzito wa jumla hakuna uvumilivu. Kama jumla iko sawa na ekseli imezidi, unapanga mzigo upya na kupimwa tena. Kama jumla imezidi, unashusha na unatozwa, na gari halitoki hadi vyote viwili viishe. Anayepakia magunia Kitale anafaa aanzie kwenye ukuta wa kabini na kurudi nyuma, sio kuanzia mlangoni kwa sababu wapakiaji wanaona ni karibu. Mizigo ya maji kama molasi kwenye tangi lililojaa nusu ni balaa tupu: ukipanda mzani huku umekanyaga breki, maji yanakimbilia mbele na ekseli ya usukani ndiyo inayosoma vibaya. Ingia polepole, simama, ngoja yatulie.

Faini ya mzani haina uhusiano wowote na lile jedwali la karani.

dada_Section58

Na kanjo, askari wa kaunti? Nakuru nimeona magari yamefungwa klampu Kenyatta Avenue kila kona.

Mwenye_Matatu_Kondele

Hiyo niachieni. Maegesho ni ya kaunti, yanaendeshwa na sheria ya fedha ya kaunti husika, na viwango vinaweza kubadilika mwaka wa fedha ukianza, kwa hiyo usinukuu bei ya mwaka juzi. Askari wa kaunti hawezi kukuandikia mwendo wala mkanda, na polisi wa trafiki hakudai ada ya maegesho. Ila kuna kosa moja linalokutana hapo katikati: ukiegesha vibaya hadi ukaziba njia, kaunti wanaweza kufunga gurudumu na polisi bado wakakuandikia 10,000 ya kuziba barabara.

Kinachosababisha klampu mara nyingi sio kutolipa, ni kulipa kwa namba iliyokosewa. Mtu anaandika herufi O badala ya sifuri. Namba za Kenya hazitumii herufi O wala I, kwa hiyo alama yoyote ya mviringo kwenye bamba lako ni sifuri. Ukiandika O mfumo unapokea pesa lakini gari lako halionekani limelipa. Ukifungwa klampu ukiwa na ujumbe wa malipo, usilipe mara ya pili kwanza. Mwonyeshe askari ujumbe, muombe aingize namba kama ulivyoiandika. Ikikataa, nenda ofisi ya mapato ukiwa na namba ya muamala. Usijaribu kung'oa klampu na jeki, hapo umejitafutia kesi ya uharibifu juu ya ile ya maegesho.

Gari likiharibika katikati ya mji, weka pembetatu mita 50 mbele na mita 50 nyuma, na upige simu ya fundi mbele ya watu. Kuharibika sio kosa lenyewe; kosa ni kuliacha hapo bila kufanya lolote.

BodaKibuye

Kuna ujumbe unazunguka wa simu, unasema una faini ya trafiki, bonyeza hapa ulipe. Ni wa kweli?

Karani_wa_Masijala

Usibonyeze. Malipo ya serikali yanapitia eCitizen, paybill 222222. Fungua mwenyewe kwa kuandika anwani, sio kwa kiungo ulichotumiwa. Ujumbe unaokupa namba ya simu ya mtu binafsi, au unaokutisha kwamba faini inaongezeka usiku wa manane, ni wa matapeli.

Dereva_wa_Salgaa

Na ile njia ya mkato tunayoijua sote?

Wakili_wa_Ziwani

Bwana Salgaa, Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa kama anayepokea, na inafika miaka kumi jela au faini ya milioni tano. Linganisha na 500 ya mkanda. Ukiombwa, omba uandikiwe notisi, soma namba ya afisa kwenye sare, na malalamiko upeleke IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Wana ofisi Kisumu na Nakuru. Utakachoulizwa ni mahali, saa, namba ya gari la polisi na namba ya afisa. Bila hizo hawana pa kuanzia.

Mwenye_Probox_Luanda

Swali la mwisho wadau. Mtu alikosa tarehe ya korti, dhamana ilikuwa 5,000, sasa ni wiki mbili. Afanyeje?

Wakili_wa_Ziwani

Asingoje kukamatwa kwenye kizuizi. Aende masijala ya korti ileile asubuhi, na risiti na kitambulisho, aseme anataka faili lake litajwe. Atapelekwa mbele ya hakimu aeleze kwa nini hakufika. Kama alilazwa, aje na karatasi za hospitali; kama alikosea korti, aseme hivyo na aonyeshe risiti ilivyoandikwa. Anayejileta mwenyewe huwa na nafasi nzuri ya kufutiwa kibali cha kukamatwa na kuendelea na kesi. Dhamana ya kwanza inaweza kuwa imeshakwenda, kwa hiyo abebe pesa za kuweka nyingine, na yule mtu wa kungoja nje.